Nyumba na posho zimeanza kukatwa kodi, na nadaiwa ya mwaka mzima. Nilipe?

SWALI

Mshauri, salaam.

Mimi ni msimamizi wa mauzo wa kanda katika kampuni binafsi ya usambazaji, ofisi yetu iko Mwanza. Mshahara wa msingi ni 1,400,000 kwa mwezi na NSSF nakatwa 140,000. Juu ya mshahara napata posho ya usafiri 200,000, kwa kuwa natumia pikipiki yangu kuzungukia maduka. Napata pia per diem (posho ya kujikimu safarini) 480,000, inayoingia pamoja na mshahara kila mwisho wa mwezi. Ofisi ilipiga hesabu ya usiku 6 kwa 80,000, maana huwa nakwenda Sengerema, Geita, Bukoba na Tarime. Kuna mwezi nalala nje usiku 2, kuna mwezi nalala 8, lakini pesa ni ile ile.

Kampuni imenipangia nyumba Nyegezi kwa 350,000 kwa mwezi na inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Bima ya afya ninayo mimi, mke na watoto watatu. Mchana tunakula wote kantini ya ofisi. Mwaka huu kampuni imenikopesha 6,000,000 bila riba, narejesha 250,000 kwa miezi 24.

Siku zote PAYE yangu (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ilikuwa 206,000. Mwezi uliopita slipu imekuja na 515,000. Mhasibu anasema TRA walikagua vitabu, wakakuta posho zote mbili na nyumba havikuwa vikikatwa kodi. Kisha nikapewa barua kwamba nadaiwa 4,300,000 za miezi 12 iliyopita, "kodi, riba na faini", zitakatwa kwa miezi 6. Hiyo ni karibu 717,000 kila mwezi, na baada ya makato yote nabaki na 458,000 hivi. Wameambatanisha fomu ya kukubali deni niisaini.

Mke wangu ni mwalimu wa halmashauri. Ana posho ya madaraka, na haikatwi kodi hata senti. Kwa nini yangu ikatwe na yake isikatwe? Na bosi ananipa chaguo: nichukue Probox ya kampuni (cc 1,496, ina zaidi ya miaka 10) niachane na posho ya usafiri, au nibaki na 200,000 yangu. Kipi kina nafuu?

Msomaji, Mwanza


JIBU

Ndugu yangu wa Mwanza,

Fomu hiyo usiisaini kwanza. Unadaiwa, ndiyo, lakini si 4,300,000. Na PAYE yako ya sasa ya 515,000 inaweza kushuka bila ujanja wowote, kwa sababu kampuni yenu inalipa vitu halali kwa namna mbovu.

Tuanze na hesabu ya mhasibu. Viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 vinasema 270,000 ya kwanza ya mwezi haina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, hadi 760,000 ni 20%, hadi 1,000,000 ni 25%, na kila shilingi inayozidi milioni moja ni 30%. Aliyefika milioni kamili analipa 128,000. (Wa Unguja na Pemba wana jedwali lao, msichukue namba hizi.) Zamani mhasibu alichukua msingi 1,400,000, akatoa NSSF 140,000, ikabaki 1,260,000. Kodi yake ni 128,000 na 30% ya zile 260,000 za juu, jumla 206,000. Sasa ameongeza usafiri 200,000, per diem 480,000 na nyumba 350,000. Kipato cha kodi kimekuwa 2,290,000, na kodi 515,000. Kwa kuwa ulishavuka milioni kwa mshahara peke yake, kila kinachoongezwa juu kinaliwa 30%. Ndiyo maana umeumia kwa ghafla hivi.

Kujumlisha amejumlisha sawasawa. Swali ni kama kila alichokijumlisha kilistahili kuwemo.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, kifungu cha 7, inaanza kwa kukusanya karibu kila kitu: mshahara, bonasi, malipo badala ya likizo, posho ya kujikimu, ya usafiri, ya kukirimu wageni, na hata gharama yako binafsi ambayo mwajiri ameilipa kwa niaba yako. Halafu inatoa orodha fupi ya visivyohesabiwa. Kwa hiyo usiulize "sheria imeitaja wapi posho yangu kuwa na kodi?" Posho ina kodi mpaka uikute kwenye orodha ya msamaha.

Posho ya mkeo imo kwenye orodha hiyo. Mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu yake kubwa inatoka kwenye ruzuku ya Serikali, hahesabiwi kodi kwenye posho za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, saa za ziada, mazingira magumu na honoraria. Msamaha umefungwa kwa aina ya mwajiri. Mhasibu wa kampuni binafsi hawezi kuuazima hata jina la posho lingefanana herufi kwa herufi. Unaweza kuona si haki, na si wewe peke yako, ila hapo hakuna cha kubishana na TRA. Mshahara wenyewe wa mkeo unakatwa kwa jedwali lile lile lako.

Msamaha unaokuhusu wewe ni mwingine, na ndio wenye pesa yako: posho ya kujikimu, usafiri au nyingine yoyote isihesabiwe pale inapokuwa ni kurejeshewa tu kile ulichokitumia chote kwa ajili ya kazi na si kwa jambo jingine. Maneno ya kuyashika hapo ni "kurejeshewa tu". Posho inayoingia kila tarehe 28, iwe umesafiri au umelala Nyegezi mwezi mzima, haiwezi kuitwa kurejeshewa. Mkaguzi akifungua jedwali la mishahara akaona 480,000, 480,000, 480,000 miezi 12 mfululizo, haulizi tena. Kwake huo ni mshahara uliobatizwa jina.

Lakini safari zako zilikuwepo kweli, na hapo ndipo mhasibu amekuonea kwa uvivu. Ameipeleka per diem yote kwenye kodi kwa sababu hakuwa na faili la safari. Faili hilo linaweza kutengenezwa sasa, maadamu ushahidi upo. Kaa na kalenda uende mwezi kwa mwezi. Kwa kila usiku uliolala nje tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni nani alikutuma: barua pepe, ujumbe wa bosi, ratiba ya wiki. Cha pili ni kwamba ulifika: tiketi ya basi, oda za wateja wa Geita au Tarime zenye tarehe na muhuri wa duka, ripoti uliyotuma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Cha tatu ni kwamba ulilala na ulitumia: risiti ya gesti, na kama gesti haikutoa risiti, ujumbe wa malipo kwa simu. Usiku wenye vitu vitatu ni imara. Wenye viwili, uweke na umwachie mkaguzi aamue. Wenye kimoja, uache. Orodha yenye usiku 10 wa kubahatisha humfanya mkaguzi aanze kuutilia shaka hata ule wa kweli.

Tuseme umepata usiku 52. Kampuni ililipa usiku 72 kwa mwaka (6 mara 12), sawa na 5,760,000. Usiku 52 kwa 80,000 ni 4,160,000, na kodi yake kwa 30% ni 1,248,000. Hicho ndicho kiasi cha kukigombania. Zile 20 ambazo hukusafiri, 1,600,000, zilikuwa mshahara; kodi yake 480,000 ni halali na utailipa.

Sasa tuipasue barua ya deni. Usafiri kwa miezi 12 ni 2,400,000, kodi 720,000. Per diem kodi 1,728,000. Nyumba 4,200,000, kodi 1,260,000. Jumla 3,708,000. Barua inasema 4,300,000. Zile 592,000 za juu ni riba na faini, na hizo si zako. Mwenye wajibu wa kukata PAYE na kuiwasilisha TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, ni mwajiri. Asipokata, sheria inamlazimisha ailipe kana kwamba alikata, kisha inampa haki ya kuidai kwako ile kodi yenyewe. Riba ya kuchelewa inabaki juu yake, haruhusiwi kumtupia mfanyakazi. Faini nayo ni ya kosa lake la kutokata, wewe hukuwa na jedwali la mishahara mkononi. Kwa hiyo kabla hujafungua hata kalenda, 592,000 imeshaondoka. Ukiongeza 1,248,000 za safari, deni linashuka hadi 2,460,000.

Kuna jambo la muda hapa. Muulize mhasibu swali moja: TRA wametoa kadirio la kodi (hati rasmi ya kiasi wanachodai) tayari, au bado wako kwenye hatua ya kuwasilisha walichokikuta? Kama bado, kampuni inapeleka faili la safari moja kwa moja kwa mkaguzi na mazungumzo yanaweza kuishia hapo. Kama kadirio limeshatoka, kampuni ina siku 30 tangu kulipokea kuweka pingamizi, na ndani ya siku hizo inapaswa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi isichokibishia, kile kilicho kikubwa. Pingamizi ni la kampuni, wewe huwezi kuliweka. Unachoweza ni kuwapa karatasi mapema. Na wana sababu ya kuzitaka: sidhani kama ni wewe peke yako uliyelipwa hivi, na kila usiku unaokubaliwa unawapunguzia wao deni kabla ya kukupunguzia wewe.

Posho ya usafiri ya mwaka uliopita ni ngumu zaidi, na ningekushauri usipoteze nguvu nyingi hapo. Bila daftari la kilomita na bila risiti za mafuta, hakuna njia ya kuonyesha ni shilingi ngapi ilichoma petroli ya kazi na ngapi ilikupeleka nyumbani. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: safari ya nyumbani kwenda ofisini na kurudi haihesabiwi kuwa ya kazi. Hesabu inaanzia ofisini, au kwa mteja wa kwanza.

Nyumba. Hapa huna pa kupenyea, na ni vizuri uelewe kwa nini, kwa sababu wahasibu wengi wanaikosea kwa kuweka 15% ya mshahara kwa kila mtu. Kifungu cha 27 kinataka namba tatu: pango ambalo nyumba ingepata sokoni, 15% ya jumla ya kipato chako bila nyumba, na gharama ambayo mwajiri ameidai kwenye hesabu zake za kodi kwa ajili ya nyumba hiyo. Unachukua kubwa kati ya mbili za mwisho, unailinganisha na pango la soko, kisha unachukua ndogo. Kwako pango la soko ni 350,000 na gharama ya mwajiri ni 350,000 ile ile. Asilimia 15 ya kipato chako haifiki hapo, kwa hiyo jibu ni 350,000.

Asilimia 15 inamsaidia anayeishi kwenye nyumba ambayo kampuni inaimiliki. Chukua mfanyakazi mwenye kipato cha 1,500,000 anayekaa nyumba ya kampuni ambayo sokoni ingepangishwa 600,000, na kampuni inatumia 80,000 kwa mwezi kuitunza. Asilimia 15 ni 225,000, ni kubwa kuliko 80,000, na ni ndogo kuliko 600,000. Anakatwa kodi kwenye 225,000. Kwa nyumba ya kupanga kama yako, karibu kila mara namba inaishia kwenye pango lenyewe. Kinachoipunguza ni pango unalochangia mwenyewe. Ukichangia 100,000, inayohesabiwa ni 250,000. Bila shaka hapo umetoa mfukoni 100,000 ili kuokoa 30,000, kwa hiyo si dawa. Kubadilisha nyumba iwe posho ya fedha nako hakusaidii, posho nayo inakatwa yote. Na kama kampuni inakulipia LUKU, maji au mlinzi, navyo vinahesabiwa.

Kantini haina kodi maadamu chakula kinatolewa kwenye eneo la kazi na kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Kampuni ikifunga kantini na kuanza kugawa "hela ya lunch", msamaha umekufa siku hiyo hiyo. Bima nayo haina kodi: sheria inafunika mfanyakazi, mwenzi na watoto wasiozidi wanne, ilimradi mpango uwe kwa masharti sawa kwa wote. Bima ya mabosi peke yao inaingia kwenye kodi ya mabosi hao.

Mkopo mhasibu hajaugusa, na sijui kama amesahau au anaogopa kukuongezea. Mkopo wa mwajiri unasamehewa ukiwa wa chini ya miezi 12 na jumla isizidi mishahara mitatu ya msingi. Kwako mishahara mitatu ni 4,200,000 na muda ni miezi 24, kwa hiyo umeshindwa masharti yote mawili. Kinachohesabiwa kuwa kipato ni riba ambayo ungelipa kwa kiwango cha kisheria, kinachofuata kiwango cha Benki Kuu, ukitoa riba unayolipa, ambayo kwako ni sifuri. Kwa hesabu tu, tuweke 6%: mwezi wa kwanza 6,000,000 mara 6% gawa 12 ni 30,000, na kodi yake 9,000. Deni likishuka hadi 3,000,000, kodi ni 4,500. Ni kidogo, na mkopo usio na riba bado ni mzuri kuliko wowote utakaoupata benki. Lakini heri iingizwe sasa kuliko kurudi baadaye kama malimbikizo mengine.

Sasa Probox. Gari la kampuni halithaminiwi kwa bei yake wala kwa mafuta linayokunywa. Kuna jedwali la ukubwa wa injini na umri, kwa mwaka. Injini isiyozidi cc 1,000 ni 250,000, zaidi ya hapo hadi 2,000 ni 500,000, hadi 3,000 ni 1,000,000, na zaidi ya 3,000 ni 1,500,000. Gari la zaidi ya miaka 5 linahesabiwa nusu. Probox ya cc 1,496 yenye miaka zaidi ya 10 ni 250,000 kwa mwaka, yaani 20,833 kwa mwezi. Kodi yako ni 6,250. Linganisha: posho ya 200,000 inakatwa 60,000, zinabaki 140,000, na humo bado utanunua petroli, tairi na plagi. Kwa jicho la kodi gari linashinda kwa mbali.

Sheria haiulizi unalitumia siku ngapi kwa mambo yako. Inatosha kwamba lipo kwa ajili yako, hata kwa sehemu. Gari linalolala Nyegezi mbele ya nyumba yako linahesabiwa lote, hata ukiapa kwamba Jumapili halitoki. Linalorudi uani kwa kampuni kila jioni, funguo zikaachwa ofisini, ni chombo cha kazi na halikuhusu. Ushahidi wake ni daftari la mlinzi getini: namba ya gari, saa ya kutoka, saa ya kuingia, saini. Lakini kwa 6,250 mimi ningelala nalo nyumbani. Kuna msamaha pia pale mwajiri asipodai gharama yoyote ya gari kwenye hesabu zake za kodi, ila sijaona kampuni ya usambazaji ikiacha kudai gharama za magari kwa ajili ya msimamizi mmoja wa mauzo.

Ukiipenda pikipiki yako kuliko Probox, ipo njia ya tatu ambayo bosi hakukutajia. Acheni 200,000 za mkupuo, kampuni ikurejeshee mafuta na sehemu ya sevisi kwa kilomita za kazi. Daftari la shule linatosha, mstari mmoja kwa siku, kwa mfano: "Jumanne. Ofisini, Usagara, Misungwi, ofisini. Mita 48,210 hadi 48,304. Km 94. Wateja 6, oda na. 311 hadi 316." Petroli ununue kwa risiti ya EFD yenye jina na TIN ya kampuni, na umwambie wa pampu kabla hajachapa, kwa sababu risiti ikishatoka bila TIN hairekebishiki kirahisi. Bora zaidi, kampuni iwe na akaunti kwenye kituo kimoja, ujaze kwa LPO (hati ya oda ya kampuni), usishike pesa kabisa. Kwa njia hii 150,000 yenye ushahidi inakuachia 150,000, wakati 200,000 isiyo na ushahidi inakuachia 140,000.

Per diem ibadilishwe vivyo hivyo, na hili lifanyike kabla ya mishahara ijayo. Iondolewe kwenye jedwali la mishahara kabisa. Kabla ya safari ujaze fomu: unakwenda wapi, tarehe ngapi hadi ngapi, kazi gani, usiku ngapi, kiasi gani, bosi asaini. Ulipwe kama masurufu ya safari. Ukirudi, ndani ya siku chache ambazo kampuni itazipanga, fanya marejesho: tiketi, risiti ya gesti, ripoti ya ukurasa mmoja. Ulichukua ya usiku 4 ukalala 3? Rudisha 80,000. Watu wengi huharibu hapa: fomu zipo, sahihi zipo, lakini bakaa hairudi. Bakaa isiyorudi ni mshahara. Kampuni iwe pia na waraka mmoja wenye viwango vya per diem kwa ngazi na kwa mji. Kiwango cha 80,000 kwa Bukoba hakimshangazi mtu. Kingekuwa 300,000 kwa Sengerema, mkaguzi angeuliza gesti gani hiyo.

Mambo yakipangwa hivyo, na ukachukua Probox, slipu yako inakuwa hivi: 1,260,000 baada ya NSSF, nyumba 350,000, gari 20,833, mkopo kwa mfano wetu 30,000. Jumla 1,660,833, na PAYE 326,250. Iko juu ya 206,000 ya zamani, kwa sababu nyumba ilipaswa kukatwa tangu mwanzo, lakini iko chini ya 515,000 kwa karibu 189,000. Per diem utaipata kwa usiku uliosafiri tu, bila kukatwa.

Ukisikia bosi akisema "usijali, kodi yako nitaibeba mimi", mwambie ahsante na umwombe mhasibu apige hesabu kwanza. Kodi inayobebwa na mwajiri ni kipato chako kipya, nacho kina kodi. Ili ubaki na 100,000 safi kwenye ngazi ya 30%, kampuni inapaswa kuandika 142,857. Wakiandika 130,000 wakidhani wameongeza 30%, wamekosea, na mkaguzi wa mwakani atairudia hesabu hiyo.

Kuhusu makato ya deni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimwachii mwajiri akate mshahara anavyojisikia. Kunahitajika sheria inayoruhusu au maandishi yako ya kukubali. Kodi halali wanaweza kuidai, lakini kasi ya miezi 6 ni pendekezo lao tu. Omba miezi 12 au zaidi. 2,460,000 kwa miezi 12 ni 205,000. Wakikata 717,000 kwa nguvu, huku umeandika na hukujibiwa, unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Anza na barua, na iwe fupi:

"Nimepokea barua yenu ya deni la 4,300,000. Naomba (1) mchanganuo wa kodi, riba na faini kwa kila mwezi; (2) nakala ya kadirio la TRA au barua ya ukaguzi inayonihusu; (3) riba na faini ziondolewe kwenye deni langu, kwa kuwa ni wajibu wa mkata kodi; (4) usiku wa safari ulioorodheshwa kwenye kiambatanisho uwasilishwe TRA kama gharama za kazi; (5) kiasi kitakachobaki kikatwe kwa miezi isiyopungua 12 kuanzia tarehe tutakayokubaliana kwa maandishi. Hadi hapo sijaridhia makato yoyote ya deni hili."

Chapa nakala mbili, ambatanisha orodha ya safari na picha za tiketi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ipeleke wiki hii, maana zile siku 30 za pingamizi huenda zimeshaanza kuhesabika.